Kijana wa Timau na Ukuta wa Bahari



Wasomaji wetu watukufu, barua tuliyoichagua wiki hii imetoka mbali na harufu ya chumvi. Imeandikwa Timau, mji mdogo wa Meru ulioko kwenye njia itokayo Nanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Mahali hapo pako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Watu huamka na makoti, na jicho linapotazama huona ngano, viazi na mapaa meupe ya mashamba ya maua. Mwandishi wa barua ni dada yetu, mzaliwa wa Lamu, aliyemfuata mumewe huko kwa ajili ya kazi. Sasa kazi imekwisha, na mwezi wa Septemba jamaa yote itateremka kurudi nyumbani. Tumemwomba ruhusa ya kuyazungumza maneno yake hadharani, naye ameridhia kwa sharti la kutotajwa jina.

Amesema kwamba mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 13, ameingiwa na mapenzi makubwa ya kuvua. Huko Timau babake humchukua siku za mapumziko kwenye mabwawa ya samaki aitwaye trauti, akajifunza kushika ufito, kutia chambo na kungoja. Nyumba watakayorudia Lamu iko hatua chache kutoka ukuta wa bandari. Kijana amekwisha nunua mshipi na ndoana zake, amezifunga katika mkebe, na kila usiku huzitoa na kuzihesabu. Mama naye halali. Alipokuwa na umri wa miaka 9, kaka yake mkubwa aliteremka kwenye ukuta huo huo baada ya Alasiri, wakati wa demani, akiwa na mshipi wake. Hakurudi. Aliokotwa siku ya pili. Na katika barua yake kuna jambo ambalo anasema hajapata kumwambia mtu: alimwona kaka yake akitoka kwa kunyemelea, akaambiwa asiseme, naye hakusema.

Maswali yake ni haya. Kwanza, fedha wanazolipa kwenye mabwawa ya Timau, ni biashara halali au ni bahati nasibu? Pili, akimkataza kijana bahari, atakuwa amemdhulumu. Akimruhusu, atakuwa amemtupa? Na tatu, binti yake wa miaka 11 naye ataka mshipi, na ami yake amekwisha peleka neno kwamba hilo ni aibu.

Tuanze na lile jepesi.

Trauti si mwenyeji wa nchi hii. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 kwa juhudi za Ewart Grogan, yule mlowezi mashuhuri kwa safari yake ya miguu kutoka Rasi hadi Kairo, na samaki wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Miaka michache baadaye wakaletwa wengine, trauti wa upinde wa mvua, kutoka Afrika Kusini. Walowezi waliikumbuka mito ya kwao, wakataka mchezo wao uwafuate. Samaki huyo akapenda mito ya Mlima Kenya kwa sababu moja: ni baridi na inakwenda mbio. Trauti hawezi maji ya vuguvugu. Joto likipita nyuzi 20 huanza kutaabika, kwani maji kadiri yanavyopata moto ndivyo yanavyobeba hewa kidogo. Kwa hiyo huyu ni samaki ambaye hatumwoni pwani ila akiwa katika barafu, na hata akiwa hivyo wengi wetu humpita tukamfuata changu.

Mabwawa ya Timau hulishwa kwa mfereji utokao mtoni. Maji hupita bwawa moja hadi la pili, kisha hurudi mtoni. Samaki walio ndani ni mali ya mwenye bwawa kama kuku walivyo mali ya mwenye banda. Hapo ndipo hukumu inapoanzia. Wanazuoni wamekataza kuuza samaki aliye majini asiyejulikana wala kudhibitiwa, kwa sababu ya gharari, yaani kuuziana kitu ambacho mnunuzi hajui atapata nini. Sasa tazama mikataba miwili. Katika wa kwanza, mtu huvua, samaki hutolewa, huwekwa kwenye mizani, na bei ya kilo imebandikwa ukutani. Hii ni biashara safi: kitu kimeonekana, uzito umejulikana, bei imetajwa. Katika wa pili, mtu hulipa kiasi fulani mlangoni na kuambiwa, "Utakachopata ni chako; usipopata, shauri yako." Ikiwa fedha ile ni bei ya samaki, basi hiyo ndiyo gharari yenyewe, na ikitiwa na mashindano ya kulipia na zawadi inakaribia kamari. Lakini ikiwa fedha ya mlangoni ni ujira wa kukaa pale, kukodi ufito na kutumia uwanja, na samaki hupimwa na kulipiwa mbali, hakuna ubaya. Dada yetu ameeleza kwamba wao hulipa kwa mizani. Basi na wale kwa raha zao.

Samaki hahitaji kuchinjwa, na hili kila mtoto wa chuoni analijua. Wa mtoni na wa baharini hukumu yao moja. Hata hivyo wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kuwa samaki mkubwa achukuaye muda mrefu kufa ni vyema apunguziwe adhabu kwa kuchinjwa. Twalitaja kwa sababu tumeona vijana wakimwacha samaki akipapatika juu ya mawe robo saa nzima huku wakimcheka. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alikataza kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Mwenye kuvua ili ale au auze, amefanya la halali. Mwenye kuvua ili amtese, ampige picha, kisha amtupe jaani, hatuoni amefanya nini isipokuwa kuharibu neema. Na wapo wavuvi wa mchezo ambao humtoa samaki na kumrudisha mtoni akiwa hai. Sisi hatulipendi jambo hilo likiwa ndilo kusudio zima; lakini anayemrudisha aliye mdogo ili akue, huyo ametenda kwa busara, nasi twatamani wenye nyavu za matundu madogo pande zetu wangejifunza kwake.

Kabla hatujaondoka Timau, kuna neno la pembeni. Mto Timau huteremka kuingia Ewaso Ng'iro, nao Ewaso Ng'iro hupita Samburu na Isiolo, kwa watu wanaonywesha mifugo, ukaishia katika kinamasi cha Lorian. Kila shamba linalovuta maji huku juu huwapunguzia walio chini, na miaka ya ukame mto hukauka sehemu za chini kabla haujafika kwao. Bwawa la trauti hurudisha maji yake. Shamba linalomwagilia halirudishi. Kijana aliyekaa kwenye ukingo wa bwawa akaambiwa na babake maji yale yatokako na yaendako, amesoma somo la haki ya jirani ambalo sisi chuoni hulisomesha kwa kisa cha Zubeir na jirani yake wa Madina walioteta juu ya mfereji. Twatumai baba alimwambia.

Sasa tuje baharini.

Bwana mdogo huyu amejifunza kuvua mahali ambapo maji hayaendi popote. Bwawa asubuhi ndilo bwawa jioni. Ukingo wake ni nyasi, kina chake kinajulikana, na akiteleza atalowa, atatetemeka, atatoka. Hatari yake kubwa Lamu si kwamba hajui kuvua. Hatari ni kwamba anajua, na anadhani alijualo latosha.

Ukuta wa Lamu umetazamana na kisiwa cha Manda, na baina yao mna mlango wa maji. Bahari inapojaa huingia kwa nguvu katika mlango huo, inapokupwa hutoka kwa nguvu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu wakati wa bamvua hupita mita 3, yaani zaidi ya kimo cha mtu aliyenyoosha mikono juu. Mahali alipokaa kijana miguu ikining'inia juu ya mchanga mkavu saa nne asubuhi, saa kumi jioni ni kilindi chenye mkondo. Kutoka kujaa hadi kupwa ni takriban saa sita, na katika hizo, saa ya tatu na ya nne ndizo za mkondo mkali kuliko zote. Mwogeleaji hodari haushindi mkondo huo kwa kupambana nao. Huenda nao huku akijivuta pembeni hadi apate pa kushika.

Hapa sisi Waislamu tuna neema ambayo wengi wetu tumeisahau, nayo ni kalenda yetu. Bahari hufuata mwezi, na mwezi ndio tunaouhesabu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua. Kwa hiyo kuanzia tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17, za mwezi wa Kiislamu, maji hujaa sana na kukauka sana. Siku za kati, tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 au karibu na hapo, ni maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kwa upole. Tena katika pwani yetu, maji makubwa ya bamvua hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kila siku husogea mbele kama dakika 50, hata yakifika maji mafu hujaa karibu na saa nne na saa tano. Mama aliye jikoni Lamu, ambaye hana saa wala chati ya bandari, akijua leo ni tarehe ngapi ya mwezi aweza kusema bahari iko wapi. Mabibi zetu walijua hivyo. Siku hizi tunawauliza watoto wetu tarehe ya Kiislamu nao hutazama simu.

Basi lipime tukio ambalo dada yetu amelieleza. Alasiri, wakati wa demani. Kusi imelegea, bahari imetulia baada ya miezi ya mawimbi, samaki wamekaribia ukuta, na kila kijana mwenye mshipi yuko nje. Ikiwa siku ile ilikuwa ya bamvua, Alasiri ndipo maji yanapojaa kabisa: juu yanaonekana kama mafuta, wala hayana haraka. Kisha baada ya saa mbili, jua linapozama, yanakuwa yakitoka kwa kasi, na kijana yuko pale pale, kwa sababu samaki ndiyo kwanza wanaanza kula. Twasema "ikiwa", kwa kuwa hatukuwako. Lakini wazee wa bandari yoyote katika pwani hii watakuambia kwamba saa hiyo ya magharibi ndiyo saa inayochukua vijana, na ndiyo hiyo pia inayochukua sala yao.

Kwa hiyo, dada yetu, jawabu letu ni kwamba kumkataza leo si dhulma. Mzazi ana haki ya kuzuia jambo la halali kwa kuhofia madhara. Lakini kumkataza milele, katika nyumba iliyoko hatua chache kutoka bahari, hatudhani kwawezekana. Mtoto wa Lamu aliyekatazwa maji haachi kwenda. Huenda kwa kunyemelea. Na wewe wajua kuliko sisi jinsi kunyemelea kulivyo.

Tunaona aruhusiwe, na ruhusa yake iwe na milango kadhaa, asiingie wa pili kabla ya kupita wa kwanza.

Mlango wa kwanza ni kuogelea. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, usia wa kuwafundisha watoto kuogelea. Timau hakuogelea, na nani angemlaumu kwa baridi ile? Akifika Lamu, ajifunze, ufukweni, mahali penye mchanga na maji ya kiunoni, akiwa na mtu mzima aijuaye bahari. Asiguse ukuta na mshipi mpaka aweze kukaa juu ya maji akiwa na nguo zake mwilini, kwa sababu hakuna anayeanguka kutoka ukutani akiwa amevaa nguo za kuogelea. Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2021 umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbushana juu ya kuzama majini. Sisi watu wa bahari tungepaswa kuwa wa kwanza kuiadhimisha, na hatujasikia khutba yake hata moja.

Mlango wa pili ni babake. Hapa twataka kusema na waume, na wasituchukie. Barua hii imeandikwa na mama. Hofu ni ya mama, kukesha ni kwa mama, kumkataza mtoto na kuitwa mkali ni kwa mama. Baba ndiye aliyemtia mtoto mapenzi ya kuvua huko bwawani, na ni jambo jema alilifanya, twamshukuru. Basi amalize alilolianza. Asimfikishe mtoto Lamu, akamkabidhi bahari, kisha yeye akaketi barazani na kahawa. Mwaka wa kwanza, kijana asiteremke ukutani bila ya babake, au ami yake, au mzee mmoja wa bandari aliyeombwa kwa heshima na akakubali. Huyo ami mwenye wasaa wa kutuma maneno kuhusu aibu ya binti, bila shaka atakuwa na wasaa wa kukaa na kijana jioni moja au mbili kwa wiki.

Mengine ni adabu za ukuta wenyewe, ambazo bwawa halikumfundisha. Asizungushe mshipi kidoleni wala kiganjani. Kolekole mmoja mzima akikamata ndoana, mshipi hukaza kabla mtu hajajua, ukakata nyama au ukamvuta aliyeushika. Ushikwe kwa namna ambayo ukiachiwa huenda zake, mshipi hununuliwa. Ngazi za bandari zina ukoga, wala asisimame kwenye daraja ambazo maji yamezifunika na kuzifunua. Kabla ya kurusha chubwi atazame nyuma yake, kwani Lamu hupita watu na punda pale pale. Asivue penye mashua zinazofunga na kufungua. Na mshipi ulionasa akaukata, vipande alivyobaki navyo avichukue nyumbani. Ukitupwa baharini huozi, na hunasa kasa na ndege baada ya yeye kusahau.

Kuna na samaki wenyewe. Trauti humshika kwa mkono mtupu asikufanye kitu. Wa kwetu wana silaha. Tafi, ambaye wengine humwita tasi, ana miba yenye sumu mgongoni na tumboni. Ngogo naye ana yake, na maumivu yake humliza mtu mzima. Taa ana mwiba mkiani. Anayechomwa atiwe sehemu ile katika maji ya moto, moto ambao mtu mzima ameupima kwa mkono wake na kuuvumilia, usiwe wa kuunguza, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kwani joto hudhoofisha sumu ya miba hiyo. Kisha apelekwe hospitali, hasa ikiwa mwiba umebaki ndani au anapumua kwa shida. Na bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, watoto humchezea kwa sababu anachekesha. Wacheze kwa macho tu. Sumu yake iko katika ini, mayai na ngozi, wala haiondoki kwa kupikwa, iwe kwa nazi, iwe kwa mafuta. Uhalali wa samaki wa baharini haukuhalalisha sumu. Kinachodhuru nafsi kimekatazwa kwa madhara yake. Mama yeyote asikaange samaki aliyeletwa na mtoto kabla ya kumjua jina.

Swali la binti. Tumetafuta katika vitabu tulivyosomeshwa mahali palipoandikwa kwamba mshipi ni wa mwanamume, hatukupaona. Wanawake wa Unguja na Pemba tangu na tangu hutoka maji yakipwa wakatafuta pweza na chaza miambani, na wengi wamesomesha watoto kwa fedha ya mwani. Hakuna aliyewaambia ni aibu wakati wa kula. Binti wa miaka 11 aliyejisitiri, akiwa na babake na nduguye, mahali pasipo na msongamano, akatia mshipi wake majini, amefanya jambo la halali. Tena tungependa yeye naye aogelee. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea wakiwa na mavazi ya stara, na waalimu wanawake. Bahari haimuulizi anayezama kama ni mvulana au msichana. Yule anayeona aibu kwa binti kujua kuogelea, atafakari aibu gani iliyo kubwa kuliko kumkosha maiti mtoto ambaye angeweza kujiokoa.

Limebaki lile ambalo dada yetu hakuliweka katika maswali yake, nasi tumelisoma mara tatu.

Kaka yako, dada yetu, alikufa kwa maji, na Mtume wetu amemhesabu mwenye kufa kwa kuzama miongoni mwa mashahidi. Hilo ni la kwake, na twamwombea Mola amkubali. La kwako ni kwamba ulikuwa na miaka 9. Kalamu haiandiki juu ya mtoto mpaka abaleghe. Ulilolinyamazia halikuandikwa, wala hakuna deni ulilolipwa kulibeba miaka yote hii. Tena ulinyamaza kwa sababu kaka yako, uliyempenda, alikuomba. Mtoto wa umri huo humtii mkubwa wake. Wakubwa walikuwako nyumbani siku ile, na hata wao hatuwalaumu, kwani ajali ya bahari ni nyepesi kuliko kufumba jicho. Kama mamako yu hai, mwambie. Hatusemi hivi ili akusamehe, maana hapana kosa la kusamehewa. Mwambie kwa sababu huenda na yeye ana jambo lake la siku ile ambalo hajalitamka, na mmekaa nyumba moja kila likizo mkifichana.

Na kijana aambiwe habari ya mjomba wake kabla ya kufika Lamu. Asitishwe, aambiwe kwa utulivu, na mama mwenyewe, jina lake, umri wake, alivyokuwa akicheka, na saa aliyoteremka. Mtoto wa miaka 13 aweza kulibeba hilo. Akiambiwa tu "usiende" bila sababu, atadhani mamake anaogopa maji. Akiambiwa sababu, atajua kwamba nyumba hii imekwisha toa mmoja. Na mpe sharti moja zaidi la kutoka kwako: asiteremke ukutani hata siku moja bila kukuaga mwenyewe kwa mdomo, wala asimwombe nduguye mdogo kumfichia siri. Mwambie binti naye hivyo hivyo, kwamba siri ya maji haifichwi, na kwamba akisema hatagombezwa na mtu.

Siku ya kwanza msiichague kwa hamu ya mtoto. Subirini tarehe 8 au 9 ya mwezi, maji yakiwa mafu. Baba na kijana wateremke asubuhi, kama saa tatu, maji yakiwa yanamalizia kujaa kwa upole, na chambo cha kamba au cha ngisi, ndoana ndogo, chubwi nyepesi. Watapata chaa, pengine changu mmoja, na adhuhuri itawakuta nyumbani. Ukiwa na nguvu, fuatana nao. Ukiwa huna, kaa dirishani, wala usijilazimishe. Trauti wa Timau huliwa kwa siagi na ndimu, tumesikia. Changu wa siku hiyo mpikieni kwa nazi.

Wabillahi tawfiq.